UZI: Kazi ya kupanga maeneo ya umma ukiwa serikali ya kanda. Kabla ya kuchora, jua nani atafagia

Mwanzisha uzi:

Wakuu, salaam. Kuna watu wananifuata pembeni wakiuliza kazi ya usanifu wa miji na kuhuisha maeneo ya umma ikoje ukiwa serikali ya kanda, yaani ile ngazi iliyo juu ya halmashauri na chini ya taifa. Wengi ni wanafunzi wa mipango miji, wachache wako halmashauri na wanafikiria kuhama. Badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa kwa urefu, na wenye uzoefu tofauti waongeze.

Cha kwanza kuelewa ni kwamba kanda haimiliki mitaa. Chukua London. Mamlaka ya jiji zima ilianza kazi mwaka 2000, lakini chombo chake cha usafiri kinasimamia takriban asilimia 5 tu ya urefu wa barabara za jiji, ingawa hizo ndizo zinazobeba karibu theluthi moja ya magari. Zilizobaki ni za halmashauri. Mpangaji wa ngazi ya juu anaweza kuandika mwongozo mzuri kuliko yote duniani, ila mtaa wenyewe uko mikononi mwa mtu mwingine, bajeti ya taa iko kwa mwingine, na lori la taka ni la mwingine kabisa.

Tulicho nacho ni fedha zenye masharti, kanuni za mpango wa kanda, na uwezo wa kuwakalisha meza moja watu ambao kwa kawaida hukutana mahakamani tu. Ukiingia kazi hii ukitarajia kushinda unachora viwanja vya mapumziko, utachoka mapema. Ukiingia ukijua kwamba unatengeneza mazingira ya wengine kufanya maamuzi mazuri, utaipenda sana.

Msimamo wangu, na ndio ulionifanya nifungue uzi huu: uhai wa eneo la umma unaamuliwa na yule atakayelifagia, atakayebadilisha taa iliyoungua na atakayemwagilia mti mwaka wa pili, wakati hakuna kiongozi anayekuja tena kupiga picha. Mtu huyo asipojulikana kabla ya mchoro wa kwanza, hakuna cha kuchora.

Mfano ninaompa kila kijana anayeingia kwenye kazi hii ni bonde la mto Emscher, eneo la Ruhr, Ujerumani. Uchimbaji wa makaa ulikuwa ukididimiza ardhi, mabomba ya chini yasingedumu, kwa hiyo mto wenyewe ukageuzwa mfereji wa wazi wa majitaka. Migodi na viwanda vya chuma vilipofungwa, miji kadhaa ilibaki na ardhi yenye sumu, watu wasio na kazi na mto unaonuka. Hakuna mji mmoja ambao ungeweza kulibeba hilo peke yake, maana mto haujui mipaka ya halmashauri. Serikali ya jimbo la North Rhine-Westphalia ikaanzisha programu ya miaka 10, kuanzia 1989 hadi 1999, iliyoitwa IBA Emscher Park, ikihusisha miji 17.

Hapa ndipo penye somo kwa mtu wa kanda. Chombo kilichoendesha programu ile kilikuwa kidogo na hakikuwa na mfuko wake wa ujenzi. Nguvu yake ilikuwa moja: mradi uliokidhi vigezo vyake ulipewa kipaumbele kwenye ruzuku za jimbo zilizokuwepo tayari. Miji ikaleta miradi yake yenyewe, ikakubali kukaguliwa ubora, na takriban miradi 120 ikatekelezwa. Ukitaka kuona nguvu ya masharti ya ruzuku yaliyoandikwa vizuri, anzia hapo.

Na matunzo? Tazama kiwanda cha chuma cha Duisburg kilichofungwa mwaka 1985. Mbunifu wa mandhari Peter Latz hakukibomoa. Alikiacha kisimame, akaunganisha njia, akaacha mimea iote kati ya reli, na watu wakaanza kuingia rasmi mwaka 1994. Kuta nene za maghala ya madini zikawa mahali pa kupanda kwa kamba, na klabu ya wapanda milima ndiyo inayoendesha sehemu hiyo. Tangi kubwa la gesi likajazwa maji, wapiga mbizi wakapata bwawa. Kila kona yenye mtumiaji ina mtunzaji pia. Haikutokea kwa bahati, ilipangwa hivyo. Mto wenyewe uliachana na majitaka mwishoni mwa 2021, miaka zaidi ya 30 tangu programu ile ianze. Ndiyo muda wa kazi za kanda. Mwanasiasa aliyezindua hayupo, mpangaji aliyeandika waraka wa kwanza amestaafu, na mradi unaendelea kwa sababu majukumu yaliandikwa kwa jina la taasisi.

Nitarudi na habari ya kanuni. Karibuni.

Wa Halmashauri:

Mkuu, umeandika vizuri ila ngoja niseme tunavyowaona nyinyi watu wa kanda kutoka huku chini. Mnakuja na ruzuku, mnataka sakafu ya mawe ya kuchonga, taa za muundo maalumu na chemchemi ya maji. Tunakubali kwa sababu hela ni hela. Miaka mitatu baadaye pampu ya chemchemi imekufa, kipuri kinaagizwa nje, mawe yaliyong'oka tunaziba kwa zege, na mwananchi anamtukana diwani wake. Hakuna anayewatukana nyinyi. Ruzuku ya kujenga ipo, ya kutunza haijawahi kuonekana.

Mwanzisha uzi:

Ndugu, kila neno ulilosema ni kweli na nashukuru limetoka kwa mtu wa halmashauri. Fedha za ujenzi hutolewa mara moja na zina sherehe, za matunzo hutafutwa kila mwaka na hazina sherehe. Mfumo wa bajeti wenyewe unamsukuma kila mtu ajenge kitu kipya na kuacha cha zamani kioze.

Dawa ninayoitetea ni kwamba mkataba wa matunzo uwe kiambatisho cha ombi la ruzuku, sio barua ya baadaye. Uwe jedwali la ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza, kufagia: idara gani, mara ngapi kwa wiki, kutoka kasma ipi, yaani fungu gani la bajeti. Mstari wa pili, taa: nani analipa umeme, nani anapanda ngazi kubadilisha balbu, ndani ya siku ngapi. Halafu miti: nani anamwagilia miaka mitatu ya mwanzo, maana mti wa mjini ukivuka hapo una nafasi nzuri ya kuishi, na ukikosa maji kipindi hicho umepoteza pesa yote. Halafu takataka, mifereji, vyoo kama vipo, rangi za michoro ya ardhini. Kila mstari asaini mkuu wa idara husika, sio mkurugenzi peke yake. Mkurugenzi husaini chochote siku ya mwisho ya kuwasilisha ombi. Mkuu wa idara ya usafi hasaini mpaka aulize lori litapita wapi, na swali hilo likiulizwa mapema mchoro unabadilika kuwa bora.

Jingine ni vifaa. Kanda ina nafasi ambayo halmashauri moja haina: inaweza kuweka orodha fupi ya mabenchi, nguzo za taa na vigae vinavyopatikana kwa mafundi wa karibu, halmashauri zote zikatumia hivyo hivyo, na vipuri vikawa ghala moja. Wasanifu wengi hukasirika wakisikia hili, wanaona tunaua ubunifu. Mimi naona ubunifu uhamie kwenye mpangilio: benchi linaelekea wapi, kivuli kinaanguka wapi saa tisa alasiri, mlango wa duka unafungukia wapi. Benchi la kawaida lililowekwa mahali sahihi hukaliwa kutwa.

Watu watakutajia Bryant Park ya New York kama jibu la yote. Ni mfano mzuri: bustani iliyokuwa inaogopwa, ikafungwa mwaka 1988, ikafunguliwa tena 1992, vichaka vilivyokuwa vikificha ndani vikaondolewa, viti vya kuhamishika vikawekwa, na kuna shirika maalumu linaloitunza kila siku. Lakini angalia fedha zinatoka wapi. Wenye majengo yanayoizunguka wanachangia, na majengo yale yana thamani kubwa. Huwezi kuupeleka mfumo huo kwenye mtaa wa wapangaji maskini ukategemea matokeo yale. Huko, kanda ikitoa ruzuku ya ujenzi bila sehemu ya matunzo, inawaachia watu wenye kidogo mzigo ambao wenye vingi hawajawahi kuubeba peke yao. Hilo kwangu ni suala la haki.

Mhandisi wa Barabara:

Nasoma kwa heshima, lakini nyie watu wa maeneo ya umma mna tabia ya kuchora miti katikati ya njia ya dharura. Gari la zimamoto linahitaji nafasi ya kugeukia. Basi linahitaji upana. Mkipunguza njia za magari, foleni inahamia mtaa wa pili na simu zinapigwa ofisini kwangu.

Mwanzisha uzi:

Mkuu, hoja ya zimamoto huwa naipeleka kwa zimamoto wenyewe kabla sijaja kwako, na waje na gari lao tulipitishe kwenye mistari ya chaki. Mara nyingi tatizo lao ni magari yaliyoegeshwa vibaya kwenye kona, wala upana wa barabara hauwasumbui sana.

Kuhusu mwendo, tunakutana kwenye takwimu zako mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Tamko la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka kikomo cha kilomita 30 kwa saa pale ambapo watembea kwa miguu na magari huchanganyika mara kwa mara. Dereva anasikiliza upana wa barabara kuliko anavyosikiliza kibao. Ukimpa njia ya mita 3.6 kila upande, mbele kumenyooka na hakuna mti, ataendesha kama yuko barabara kuu hata kama kibao kinasema 30. Ukimpa mita 3, kona kali na kivuko kilichoinuliwa, atapunguza mwenyewe bila askari. Nafasi inayopatikana ndiyo inayokuwa njia pana ya miguu na kivuli. Kwa hiyo wewe ndiye mtu wangu wa kwanza kumtafuta kwenye mradi wowote, na nakuomba usisubiri kuitwa.

Kwa foleni, njia ya heshima ni majaribio. Curitiba, Brazil, mwaka 1972: meya Jaime Lerner alifunga mtaa mkuu wa biashara kwa magari ndani ya wikiendi moja, kazi ikianza Ijumaa jioni ofisi zikiwa zimefungwa. Wenye maduka waliokuwa wanapinga wakaona wateja wanaongezeka, na mtaa ule ni wa miguu mpaka leo. New York mwaka 2009 walifunga sehemu ya Broadway pale Times Square kwa rangi, vizuizi na viti vya bustani vya bei nafuu. Ujenzi wa kudumu ulikuja miaka baadaye, baada ya kupima. Majaribio ya namna hii yana faida ambayo hakuna mchoro wa kompyuta unaweza kuitoa: mtu anasimama ndani ya wazo na kusema linamfaa au halimfai.

Ila jaribio lina sharti. Liwe na tarehe ya kupimwa, vipimo vilivyotangazwa mapema, na uwezekano wa kweli wa kuondolewa. Jaribio lisiloweza kuondolewa ni uamuzi uliofichwa, na watu huligundua haraka.

Na kufunga magari peke yake hakutoshi. Kigali walifunga kipande cha barabara katikati ya jiji mwaka 2015. Kwa muda mrefu kikawa na nafasi tele ila vitu vichache vya kumfanya mtu akae, mpaka kilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2022 kwa jina la Imbuga City Walk, kikiwa na sehemu za kukaa, za kuchezea watoto na za biashara ndogo. Nafasi tupu haijawahi kumkaribisha mtu.

Mhandisi wa Barabara:

Hiyo ya kupitisha gari la zimamoto kwenye chaki nimeichukua. Ila nasisitiza suala la basi. Mita 3 basi linapita, mabasi mawili yakipishana kwenye kona ni shida.

Mwanzisha uzi:

Sahihi kabisa. Mtaa wenye basi tunaupima kwa kona zake. Pale napokea upana wako bila ubishi, na natafuta kivuli upande wa kituo.

Sasa habari ya kanuni niliyoahidi, maana kanda nyingi zinaumia hapa. Mwaka 1961 New York ilipitisha kanuni kwamba mjenzi akiacha uwanja wazi kwa umma mbele ya jengo lake, kila futi moja ya mraba ya uwanja inampa futi 10 za mraba za ziada za kupangisha juu. Wajenzi wakajenga viwanja kwa wingi. Vingi vikawa sakafu ya mawe isiyo na mahali pa kukaa, upepo unavuma, na kingo zimewekewa vyuma ili mtu asikalie. Kwa mujibu wa kanuni vilikuwa halali kabisa. Kanuni ilisema eneo liwe wazi, haikusema litumike.

Miaka ya mwanzo ya 1970 mtafiti wa maisha ya mijini William H. Whyte na vijana wake wakaweka kamera kwenye viwanja hivyo, wakahesabu watu na kuandika nani anakaa wapi, saa ngapi, na nani. Walichogundua ni chepesi kiasi kwamba viongozi walikuwa hawajakiuliza: watu hukaa mahali penye pa kukalia. Waligundua pia kwamba mtu akipewa kiti kisichofungwa chini, hukisogeza kidogo kabla ya kukalia hata kama hapakuwa na haja, kwa sababu anataka kiwe chake kwa dakika hizo. Na kwamba uwanja wenye uwiano mzuri wa wanawake ndio uwanja mzuri, kwa kuwa wao huchagua kwa makini zaidi. Mwaka 1975 kanuni ikarekebishwa, ikataka futi moja ya urefu wa kukalia kwa kila futi 30 za mraba za uwanja.

Kazi yangu kubwa ofisini ni kusoma rasimu za kanuni na kutafuta mahali ambapo mtu anaweza kutimiza kila kifungu na bado akatoa kitu kisichofaa. "Asilimia fulani ya ardhi iwe ya kijani" inaweza kutimizwa kwa ukanda wa nyasi nyuma ya uzio. "Mlango uelekee barabarani" unaweza kutimizwa kwa mlango wa dharura unaofungwa daima. Kila kifungu nakiuliza swali moja: mtu mzee anayetembea taratibu atafaidika nini nacho?

Mkazi Tu:

Mimi sio mtaalamu, ni mkazi. Mnatuita kwenye ukumbi, mnatupa karatasi za rangi tubandike ukutani, tunabandika, tunapiga picha ya pamoja, tunaondoka. Hatusikii tena. Mkija mara ya pili na karatasi zilezile nani atakuja? Na wanaokuja ni walewale, wastaafu na wenye mdomo.

Mwanzisha uzi:

Dada au kaka, hili linaniuma kuliko yote yaliyoandikwa humu. Mkutano wa jioni ukumbini unamfaa mwenye muda wa jioni. Mama mwenye watoto, mfanyakazi wa zamu ya usiku, kijana wa miaka 14, mtu anayetumia kiti cha magurudumu ambaye ukumbi una ngazi, hao hawapo, halafu tunaandika "wananchi walishirikishwa".

Ninachokiamini ni kuwaendea watu wakiwa kwenye eneo lenyewe na kuanza kwa kuangalia kabla ya kuuliza. Vienna, Austria, ni mji na wakati huohuo ni jimbo, kwa hiyo ni mfano wa ngazi yetu. Katikati ya miaka ya 1990 waliangalia bustani zao wakaona wasichana wakifika umri wa miaka kama 9 au 10 wanaanza kutoweka, wakati wavulana wanabaki. Viwanja vya mpira vilikuwa na uzio wenye mlango mmoja, wavulana wakishaingia wasichana hawakuwa tayari kugombania. Mwaka 1999 bustani mbili zikabadilishwa kwa majaribio: milango zaidi, uwanja mkubwa ukagawanywa, kukaongezwa michezo mingine, njia zenye mwanga na sehemu za kukaa kwa vikundi. Wasichana wakarudi. Kwenye mkutano wa ukumbini hakuna ambaye angenyoosha mkono kusema "uzio una mlango mmoja". Kilionekana kwa macho ya mtu aliyekaa bustanini akihesabu.

Kuhusu kutosikia tena: kanda ikitoa fedha, iweke sharti kwamba ndani ya muda uliotajwa halmashauri ibandike pale pale kwenye eneo ubao unaosema mlisema nini, tumekubali lipi, tumekataa lipi na kwa sababu gani. Kukataa sio dhambi. Watu wazima wanapokea "hapana" yenye sababu, wasichopokea ni kimya.

Mkazi Tu:

Hapo nimekuelewa. Swali moja tu zaidi: eneo likipendeza, kodi za nyumba zinapanda, sisi wa zamani tunaondoka. Sasa mmemtengenezea nani?

Mwanzisha uzi:

Swali gumu, na mpangaji wa maeneo ya umma hana jibu lake peke yake. Kodi inadhibitiwa na sera za makazi, na hapo kanda ina kauli kwa sababu soko la nyumba ni la kanda nzima, halikomei kwenye mpaka wa halmashauri. Ninachoweza kufanya ni mambo mawili. Kwanza, kusambaza: miradi mingi ya kawaida kwenye mitaa mingi, badala ya mradi mmoja wa kung'aa unaofanya mtaa mmoja uwe wa kipekee. Uhaba ndio unaopandisha bei. Pili, kukaa chumba kimoja na watu wa makazi kabla ya ruzuku kutoka, ili nyumba za bei nafuu na haki za wapangaji ziwe zimeandikwa kabla ya mti wa kwanza kupandwa. Pasipo hilo, sioni uhalali wa kuita mradi ni wa wakazi.

Mpangaji Mwenzako:

Niongeze kitu. Tumezungumza sana mabenchi. Kwenye kanda uamuzi mkubwa kuliko benchi lolote ni kitu kinajengwa wapi. Copenhagen mpango wao wa mwaka 1947 ulielekeza mji ukue kama vidole vitano vya mkono kufuata njia za reli, katikati ya vidole pabaki kijani. Siku hizi una nguvu ya kisheria, na ofisi kubwa kuliko mita za mraba 1,500 kwa kawaida inatakiwa iwe ndani ya mita 600 kutoka kituo cha treni. Kanuni hiyo moja inaamua watu wangapi watatembea mitaani karibu na kituo kila asubuhi. Portland, Marekani, nao wana serikali ya kanda inayochaguliwa moja kwa moja na wananchi, inayosimamia mpaka wa ukuaji wa mji tangu 1979. Ukizuia mji kutapakaa, watu wanakuwa karibu, na ukiwa na watu karibu ndipo uwanja unapata uhai. Eneo lililo mbali na kila kitu halitahuishwa na kiti cha rangi.

Mwanzisha uzi:

Mwalimu, umepigilia msumari. Nakubali kabisa na natamani ningeanza na hili. Hospitali ya rufaa ikipelekwa kwenye shamba nje ya mji kwa kuwa ardhi ni rahisi, hakuna usanifu utakaolipa gharama hiyo. Wagonjwa watapanda magari mawili, wauguzi wataogopa kituo cha usiku, na katikati ya mji patapoteza maelfu ya nyayo. Ndiyo maana nawasihi vijana wa usanifu wasidharau vikao vya kuchagua viwanja vya majengo ya serikali. Vinachosha, havina michoro mizuri, na ndivyo vinavyoamua zaidi ya nusu ya mambo.

Mwanafunzi wa Mipango:

Shikamoo mkuu. Niko mwaka wa mwisho. Nijifunze nini ambacho chuoni hawafundishi? Na kwenye usaili wa kazi kama yako niende na nini?

Mwanzisha uzi:

Marahaba mdogo wangu.

Jifunze kusoma kitabu cha bajeti ya halmashauri. Ujue tofauti ya kasma ya maendeleo na ya matumizi ya kawaida, ujue mwaka wa fedha unaanza lini na mapendekezo hufungwa lini. Wazo zuri linalofika wiki moja baada ya dirisha kufungwa linasubiri mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo aliyelipenda anaweza kuhamishwa.

Jifunze kuandika kifungu. Usiandike "mazingira rafiki kwa wote". Andika upana wa njia ya miguu usiozuiwa na nguzo, mteremko wa rampu usiozidi 1 kwa 12, umbali kati ya sehemu moja ya kukaa na nyingine. Kifungu kinachopimika kinaweza kukaguliwa na afisa ambaye hakuwahi kukutana nawe.

Jifunze kuchora mkato wa mtaa, yaani mtaa unavyoonekana kana kwamba umekatwa kwa kisu, kwa mkono, haraka, mbele ya watu. Mkato unaonyesha ukuta, kivuli, njia, mti, mfereji na mtu kwa kipimo kimoja. Mhandisi anauelewa, diwani anauelewa, mkazi anauelewa. Picha za kompyuta zenye watu wanaocheka na baluni angani huleta ahadi ambazo hakuna bajeti iliyoziahidi.

Na jifunze kuhesabu. Mbunifu wa majengo wa Denmark Jan Gehl na wenzake walianza kuhesabu watu Copenhagen mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mtaa wa Strøget kufungwa kwa magari mwaka 1962, na tofauti yake kubwa ilikuwa kutenganisha wanaopita kwa sababu hawana budi na wanaobaki kwa sababu wanapenda. Idadi ya wapitao inakuambia njia ni ya lazima. Idadi ya wanaobaki inakuambia mahali pana thamani. Hesabu siku ya kazi na siku ya mapumziko, asubuhi, mchana na usiku, ukitenganisha wanawake, wanaume, watoto na wazee. Kalamu na karatasi zinatosha.

Kwa usaili, nenda na eneo moja tu. Liwe dogo, hata kituo cha basi. Uwe na hesabu zako, mkato uliouchora mwenyewe, kifungu kimoja ambacho ungeongeza kwenye mwongozo wa kanda, na lile jedwali la matunzo nililomweleza ndugu wa halmashauri hapo juu, likiwa limejazwa baada ya kuzungumza na wahusika wa kweli wa usafi na taa. Nimekaa upande wa pili wa meza kwenye usaili, na ninachotafuta ni ushahidi kwamba umeongea na anayefagia.

Weka pia picha ya eneo hilo saa mbili usiku. Jopo litakuuliza kuhusu taa.

Wa Halmashauri:

Mkuu, hilo jedwali la matunzo liweke hapa tulipakue. Sisi tuna ombi la ruzuku linafungwa mwisho wa mwezi.

Mwanzisha uzi:

Naliandaa kama faili tupu, nitaliambatisha kwenye posti ya kwanza. Safu ya mwisho nimeiacha wazi makusudi kwa ajili ya saini ya mkuu wa idara ya usafi. Anza na yeye.